Rangi za kuvu katika chakula: Je, neno "asili" latosha?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, baada ya darsa moja msikitini alitujia mama mmoja akiwa na pakiti ya unga wa kinywaji cha watoto. Mbele iliandikwa kwamba ina rangi ya asili na antioksidanti. Nyuma, kwa maandishi madogo, ilikuwapo alama E160a. Akatuuliza: "Shekhe, nimeambiwa rangi hii siku hizi yatokana na ukungu. Niwape wanangu au niache?" Tulimwomba muda wa kulichunguza jambo lenyewe. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, na kwa kila mzazi mwenye swali kama hilo.

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 168, wanadamu wote wameamrishwa kula vilivyo halali na vizuri. Hayo ni masharti mawili, si moja. Mwenye kutuuzia kitu kwa neno "asili" bado hajajibu hata sharti moja kati ya hayo, kwani nguruwe naye ni wa asili, na sumu ya nyoka ni ya asili.

Kuvu na rangi zake

Kuvu ni jamii ya viumbe inayokusanya uyoga, hamira na ukungu. Kwa asili yake si najisi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliunasibisha na manna uyoga wa jangwani uitwao kam'a, na akataja kuwa maji yake ni shifaa ya jicho. Uyoga huo huota chini ya mchanga baada ya mvua, na watu wa Ghuba huutafuta na kuula hadi leo. Hivyo basi, kanuni ya mafakihi kwamba asili ya vitu ni kuruhusiwa yaihusu kuvu pia, mpaka idhihirike dalili ya uharamu au ya madhara.

Kuvu aliyemhusu mama yetu huitwa Blakeslea trispora. Hukuzwa ndani ya matangi makubwa, akilishwa sukari na mazao ya mimea. Ana aina mbili, mfano wa dume na jike, na zikikuzwa pamoja hutoa rangi kwa wingi zaidi. Rangi hiyo ni beta-karotini, ile ile iliyomo katika karoti, embe na mawese, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2000 kamati ya wanasayansi wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliikubali rangi ya kuvu huyu itiwe katika chakula.

Lakini alama E160a hukusanya asili nne: karotini ya kemikali za kiwandani, ya mimea, ya kuvu na ya mwani. Kwa hiyo mama yetu hakuweza kujua kwa alama hiyo pekee ni ipi iliyomo katika pakiti yake.

Nguvu yake ndiyo udhaifu wake

Molekuli ya beta-karotini ni mnyororo mrefu wenye viungo maradufu 11 vinavyofuatana kwa kupishana na viungo vya kawaida. Mpangilio huo hufyonza mwanga wa buluu, na ndiyo maana macho yetu huona rangi ya machungwa. Aidha, viungo hivyo hivyo ni wepesi kushikana na oksijeni na chembe haribifu zinazotafuta elektroni. Beta-karotini huzipa kilicho chake na kuzituliza kabla hazijaharibu mafuta yaliyo jirani. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa uantioksidanti.

Hata hivyo, mlinzi huyu hulinda kwa kujitoa yeye mwenyewe. Mnyororo ukikatika, rangi hupauka. Kila aliyewahi kuchemsha mawese kwa moto mkali ameona wekundu wake ukipotea. Hewa, mwanga na joto ni maadui watatu wa rangi hii. Zaidi ya hayo, huyeyuka katika mafuta wala haiyeyuki katika maji. Basi huwekwaje katika unga wa kinywaji, ukakaa dukani miezi mingi na rangi isibadilike?

Swali la halali lilipojificha

Watengenezaji huifunika rangi. Huisaga ikawa chembe ndogo sana, kisha kila chembe huvikwa ganda linalozuia hewa na kuiwezesha kuchanganyika na maji. Ganda hilo laweza kuwa la wanga, au la gundi ya miti ya migunga, ambayo sehemu kubwa hutoka Sudan. Laweza pia kuwa la jelatini, na jelatini hupatikana kwa samaki, kwa ng'ombe au kwa nguruwe.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye nukta yenyewe. Kuvu hana tatizo, na rangi yake haina tatizo. Swali la halali limeingia kupitia ganda, kwa sababu rangi ni dhaifu na yahitaji hifadhi. Nalo ganda hilo huenda lisiandikwe kabisa katika pakiti.

Baadhi ya wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Hanafi na Maliki, wameipanua hoja ya istihala, yaani najisi kugeuka kitu kingine kabisa na hukumu yake ikabadilika. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, hayakuufungua mlango huo kwa jelatini ya nguruwe. Nasi twaona aliye na njia ya kuepuka hana haja ya kuutafuta upenyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yamo mambo yenye shaka. Mwenye kuyaepuka ameihifadhi dini yake.

Antioksidanti si jina la dawa

Tukiingia katika sharti la pili, la kizuri, tunakuta madai mengi. Nje ya misikiti yetu siku ya Ijumaa huuzwa vidonge vya "antioksidanti" vinavyosemwa kutibu karibu kila maradhi. Ni kweli kwamba rangi hizi hutuliza chembe haribifu zinapopimwa katika chupa ya maabara. Lakini mwili wa mwanadamu si chupa.

Nchini Finland walichunguzwa wanaume 29,133 waliokuwa wavutaji wa sigara, na baadhi yao wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliopewa walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Embe na karoti hazikuharamishwa kwa matokeo hayo, wala rangi kidogo ndani ya chakula si sawa na kidonge cha kila siku. Lakini yatosha kutuonya kwamba kilicho kizuri kwa kiasi chake chaweza kudhuru kikizidishwa.

Mfano mwingine ni mchele mwekundu wa China. Wali huoteshwa ukungu uitwao Monascus purpureus hadi ukawa mwekundu, kisha hutumiwa kutia rangi samaki, nyama na jibini ya soya, na pia katika kutengeneza pombe ya mchele. Rangi yake hustahimili moto wa kupikia kwa kiasi kizuri, ila mwanga huidhoofisha. Mwaka 1979 mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, alipata katika ukungu wa jamii hiyo kitu kinachopunguza lehemu, ambacho baadaye kilijulikana kuwa ni dawa ile ile iitwayo lovastatini. Dawa hiyo yahitaji uangalizi wa daktari, na wajawazito hukatazwa kuitumia. Na mwaka 1995 ilibainika kwamba ukungu huo waweza kutoa sitrinini, sumu inayodhuru figo.

Mnamo Machi 2024, huko Japani, vidonge vya mchele mwekundu viliondolewa madukani baada ya watumiaji kuugua figo. Uchunguzi ulionesha kwamba ukungu mwingine uliingia wakati wa utengenezaji na kuacha sumu yake. Walionunua walitafuta afya katika kitu cha asili.

Wala mtu asidhani, kwa kusoma haya, kwamba ukungu wa nyumbani ni rangi ya bure. Mwaka 2004 nchini Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliugua watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi na karanga zilizoota ukungu hazisafishwi kwa kupikwa. Zitupwe.

Jibu letu

Kwa mama aliyetuuliza twasema: rangi ya kuvu yenyewe ni halali. Tazama kama pakiti ina alama ya halali ya chombo kinachotambulika. Kama haina, na muuzaji hawezi kukueleza ganda la rangi hiyo limetokana na nini, iache, kwani watoto hawatapungukiwa na kitu. Rangi hiyo hiyo, pamoja na faida yake, Allah (s.w.) ameiweka katika embe, papai na mchicha vya sokoni, bila ganda la kutiliwa shaka. Na aliyeandikiwa dawa na daktari asiziache kwa ajili ya vidonge vya rangi.

Tunamwomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake, na atulindie watoto wetu dini zao na miili yao. Amin. Wallahu a'lam.