Mafuta ‘hayana kolestro’, mbona kipimo bado kiko juu?

Umebadilisha mafuta ya kupikia. Dumu la jikoni limeandikwa kwa herufi kubwa: HAYANA KOLESTRO. Mayai umepunguza. Unaenda kupima damu, kolestro bado iko juu. Umedanganywa?

Hapana. Maandishi yale ni kweli, ila hayasemi yote.

Kolestro inatoka wapi?

Kolestro, au lehemu, iko kwenye vyakula vya wanyama: nyama, maziwa, mayai. Mafuta ya mimea, yawe ya alizeti, nazi au mawese, kwa asili karibu hayana kabisa.

Isitoshe, sehemu kubwa ya kolestro iliyo kwenye damu yako haikutoka kwenye sahani. Inatengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Ndiyo maana hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo juu, hasa kama ni tatizo la kurithi.

Sasa mafuta yana kosa gani?

Ini lina kama milango inayovuta lehemu mbaya kutoka kwenye damu. Kwenye karatasi ya majibu inaandikwa LDL. Ukila sana mafuta yanayoganda kukiwa na baridi, milango hiyo inapungua na LDL inabaki ikizunguka.

Miaka ikipita, inajipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga uvimbe wa mafuta. Uvimbe huo ukipasuka, damu inaganda hapo hapo. Matokeo yake ni mshtuko wa moyo au kiharusi.

Mafuta ya nazi hayana kolestro, lakini zaidi ya asilimia 80 yake ni ya aina hiyo inayoganda. Mawese ni karibu nusu. Ya alizeti ni kidogo.

Vidonge vinafanya nini?

Dawa zinazotumika zaidi ni statini. Zinapunguza kasi ya ini kutengeneza kolestro. Ini likipungukiwa, linafungua milango mingi zaidi na kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Statini ya kwanza iligunduliwa Japani na Akira Endo mwaka 1973, kutoka kwenye kuvu.

Je, zinaokoa maisha? Mwaka 1994 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa wa moyo 4,444 kutoka nchi za Skandinavia. Waligawanywa makundi mawili karibu sawa. Kwa takriban miaka mitano, walikufa 256 kwenye kundi la vidonge visivyo na dawa, na 182 kwenye kundi la simvastatini.

Kipimo kikiwa kizuri, niache?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kipimo kimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi, siyo kwa sababu umepona. Ukiacha, LDL inarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache, na hutasikia chochote. Kolestro haiumi.

Ukipata maumivu ya misuli, au ukiwa mjamzito au unapanga kupata ujauzito, mwambie daktari. Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kuisimamisha. Usijiamulie mwenyewe.

Na dumu la mafuta? Kabla ya kulinunua, lisome na upande wa nyuma.