Altezza inauzwa, lakini masega yako wapi?

Tangazo la Altezza huwa fupi: rimu za spoti, imeshushwa, muziki mnene, haidaiwi, bei maelewano. Kijana wa Ndandalo, wilayani Kyela, anaweza kuliandika usiku mmoja baada ya kupata mtoto, au ada ya Januari ilipobisha hodi. Gari la ujana linaondoka ili mambo ya nyumbani yaende.

Tatizo ni kwamba anayelinunua naye ana watoto, na tangazo halimwambii kilichotolewa.

Toyota ilitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imetimiza miaka 20 na imepita kwa mafundi wengi. Kitu ambacho huondolewa sana ni masega, kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachopunguza sumu ya gesi kabla haijatoka nje. Wengine huyatoa ili eksozi iungurume. Wengine huyauza, maana ndani yana madini ghali kama platinamu. (Ungurumo huo, kwa kichanga aliyelala kiti cha nyuma, si muziki.)

Gesi ya kuogopwa ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni: kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, kisha usingizi mzito. Watoto huathirika haraka kwa sababu hupumua kwa kasi kuliko wakubwa, na aliye tumboni hasalimiki. Mzazi anaweza kumwona mtoto amesinzia akadhani ni uchovu wa safari. Wakiumwa kichwa wawili watatu kwa pamoja ndani ya gari, lisimamishwe, wote washuke wapate hewa, kisha waende hospitali.

Masega yakitolewa, bomba hukatwa na kuchomelewa upya. Gari lililoshushwa nalo hukwaruza kila tuta na kila shimo la barabara ya udongo. Kiungo kikiachia, moshi hupita kwenye tundu la waya za spika au mpira wa buti uliochoka. Kwa joto la Kyela watu hushusha vioo, hivyo hakuna anayegundua. Lakini safari ya Mbeya hupanda Tukuyu kwenye mvua na baridi, na huko vioo hupandishwa.

Kwa muuzaji, rimu na muziki ni heri kuviuza pembeni. Mwenye haja ya gari la kubebea familia na mchele halipii mbwembwe. Masega kama hayapo, aseme, na bei ishuke. Usukani wa spoti usio na eabegi autaje pia. Mikanda ya nyuma iliyofukiwa chini ya kava aitoe ionekane. Kama rangi au injini ilibadilishwa, kadi ya TRA iseme hivyo, na umiliki uhamishwe mapema, si mnunuzi aondoke na kadi yenye jina la zamani.

Mnunuzi naye aje na fundi wake. Injini ikiwashwa ikiwa bado ya baridi, fundi huziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache na kusikiliza chini ya gari. Kiungo kinachovuja hupiga mluzi. Bei izungumzwe baada ya hapo.