Kabla ya Kupakua VPN, Mfahamu Mwenye Nayo

Faragha ya mawasiliano ni haki inayotambuliwa na Ibara ya 16 ya Katiba. Baadhi ya wakazi huilinda kwa programu ya VPN, ambayo huyafumba mawasiliano yasisomwe njiani, hasa katika intaneti ya wazi ya hoteli na migahawa.

Ikumbukwe kuwa VPN haiondoi jicho la mtu wa tatu, bali hulihamisha. Tovuti ambazo kampuni ya simu haizioni tena, mwenye VPN anaweza kuziona. Kwa hiyo mwananchi ajiulize:

1. Je, mmiliki anafahamika, na yuko nchi gani?
2. Je, ahadi yake ya kutohifadhi kumbukumbu imethibitishwa na wakaguzi huru?
3. Ikiwa huduma ni ya bure, mapato yanatoka wapi?
4. Kwa nini programu iombe kusoma ujumbe na majina ya simuni?

VPN haimfichi aliyeingia katika akaunti yenye jina lake, wala haimkingi anayempa tapeli namba ya siri.

Aidha, Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kuwasilisha taarifa zao. Mtumiaji aulize TCRA utaratibu uliopo kabla ya kuanza.