Kusi inapozuia madau, biringanya laweza kuwa kitoweo

KUSI ikivuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari ya Pwani ya Kusini huchafuka na vyombo vidogo vya uvuvi hukaa ufuoni, pengine siku kadhaa mfululizo. Katika kijiji cha Mkwiro, kilichoko upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, msimu huo huleta jikoni swali la kila mwaka: leo wali utaliwa na nini?

Samaki hupungua na bei yake kupanda, nayo nyama si chakula cha kila siku katika nyumba ya mvuvi. Ndipo mboga zinapolazimika kushika nafasi ya kitoweo. Mojawapo inayoweza kazi hiyo, ingawa wengi huidharau, ni biringanya, ambalo wengine huliita biringani.

Mazingira ya kisiwa yenyewe huamua mapishi. Wasini, chenye urefu wa kilomita 5 hivi, hakina mto wala kijito. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe yenye udongo haba, na kwa vizazi vingi wakazi wametegemea maji ya mvua yaliyokingwa na kuhifadhiwa. Mboga nyingi huvushwa kwa mashua kutoka Shimoni, ng'ambo ya mlango wa bahari. Kwa hiyo chakula kinachofaa huko ni kile kisichohitaji maji mengi, mafuta mengi wala makaa mengi. Biringanya lililochomwa, kisha likatiwa tui la nazi, hutimiza masharti hayo yote. Biringanya la kukaanga halitimizi.

Sababu imo ndani ya tunda lenyewe. Nyama ya biringanya ni mfano wa sifongo: imejaa vishimo vidogo vyenye hewa. Vipande vyake vinapotumbukizwa katika mafuta ya moto, hewa hutoka na mafuta huingia mahali pake. Mpishi huona kaango limekauka, huongeza mafuta, nayo hunywewa vivyo hivyo. Baadaye nyama inapolainika na kusinyaa, hutema sehemu ya mafuta hayo, na mchuzi huishia kuelea juu yake. Hapo ndipo lilipozuka lalamiko kwamba mabiringanya yana mafuta. Ukweli ni kwamba biringanya bichi halina hata gramu 1 ya mafuta katika kila gramu 100. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake ni maji.

Wako wanaonyunyizia vipande chumvi na kuviacha nusu saa kabla ya kukaanga. Njia hiyo husaidia, kwa kuwa chumvi hufyonza maji na kuzifanya seli zisinyae mapema. Lakini chumvi ile lazima ioshwe, na kuosha ni maji. Moto hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama.

Kuchoma biringanya si jambo geni duniani. Katika eneo la Punjab, huko India na Pakistan, huchomwa, likapondwa na kupikwa kwa vitunguu na nyanya. Nchini Syria na Lebanon huchanganywa na ufuta uliosagwa. Hata jina lake limesafiri: Waarabu husema badhinjan, Wareno beringela, na Waswahili wakalipokea kwa matamshi yao. Pwani nayo ina mantiki hiyo hiyo katika samaki wa kupaka, ambaye huchomwa kwanza ndipo akapakwa tui zito. Tofauti ni kwamba biringanya halina miiba.

Kwa watu 4 au 5 huhitajika mabiringanya makubwa 3, yapatayo kilo moja. Yachaguliwe yenye ngozi inayong'aa na kikonyo cha kijani, na yaliyo mazito kuliko yanavyoonekana. Likibonyezwa kwa kidole gumba, biringanya zuri hurudi katika umbo lake. Lililobaki na shimo limezeeka. Ndani mbegu zake zimeshakuwa za kahawia, na uchungu wake hautaondolewa na kiungo chochote.

Viungo vingine ni nazi 1, kitunguu maji 1, nyanya 3 zilizoiva, punje 4 za thomu, kipande cha tangawizi, pilipili mbichi 1, nusu kijiko cha chai cha manjano, ndimu na chumvi. Mafuta kijiko kimoja cha chakula yatosha.

Mabiringanya hutobolewa kwa ncha ya kisu mahali pawili au patatu ili mvuke usiyapasue, kisha hulazwa juu ya makaa. Makaa yaliyobaki baada ya kupika wali yanafaa zaidi kuliko moto mkali wenye ndimi. Yageuzwe kila upande kwa muda wa dakika 15 hadi 20, mpaka ngozi iungue kabisa na tunda lilegee. Wapishi wengi huharibu chakula hapa kwa haraka. Biringanya lililoiva nusu huwa gumu kama mpira mdomoni, na kwa kuwa tui halipaswi kuchemka kwa muda mrefu, halipati tena nafasi ya kuiva vyema.

Yakishaiva huwekwa katika sahani iliyoinamishwa kidogo, yapoe na kuchuja maji yake ya kahawia ambayo huwa na uchungu. Kisha ngozi huambuliwa kwa vidole vilivyolowanishwa. Yasioshwe. Kuyaosha huondoa harufu ya moshi, ambayo ndiyo utamu wa chakula hiki, na tena ni kupoteza maji bure. Nyama yake huchanwa vipande virefu kwa mkono au kwa uma.

Wakati mabiringanya yanachomwa, nazi hukunwa kwa mbuzi. Kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu hutoa tui zito, yaani kasimele, nalo hutengwa. Machicha hayo hayo hutiwa vikombe viwili vya maji na kukamuliwa tena ili kupata tui jepesi.

Kitunguu hukaangwa kwa yale mafuta machache mpaka kilainike, kikafuatwa na thomu na tangawizi zilizopondwa, manjano na nyanya. Nyanya zikishavurugika hutiwa tui jepesi na pilipili nzima isiyopasuliwa, vikachemka mpaka vipungue kwa nusu. Ndipo mabiringanya huingia, na mwisho kabisa kasimele. Kuanzia hapo sufuria haifunikwi na mwiko hauachwi: tui hukorogwa taratibu mpaka litokote mara moja, kwani likiachwa kuchemka kwa nguvu hukatika na kuacha chembe juu ya maji. Chumvi na ndimu hutiwa baada ya kuepua. Ndimu ikitangulia, asidi yake nayo hulikata tui.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wasifu wengi wa vyakula vya mboga hulipitia juu juu. Biringanya laweza kushika nafasi ya samaki katika sahani, lakini si mwilini. Gramu 100 za samaki huwa na protini gramu 20 hivi. Kiasi hicho cha biringanya kina gramu 1 tu. Familia itakayokula wali na biringanya kwa wiki nzima ya kusi itashiba, lakini watoto wake watakosa wanachohitaji ili wakue.

Dawa yake haiko mbali. Pojo, kunde na mbaazi zinafahamika vyema katika jikoni za Pwani. Pojo kavu zina protini gramu 24 hivi katika kila gramu 100, ingawa zikichemshwa hunywa maji na kiwango hicho hushuka hadi gramu 7 hivi kwa uzito huo huo. Kwa hiyo kijiko kimoja cha kupambia hakitoshi. Kikombe kizima cha pojo, zilizolowekwa tangu asubuhi ili zisile makaa mengi, huchemshwa kando na kutiwa ndani ya mchuzi pamoja na tui jepesi. Zikiliwa kwa wali au sima, protini za nafaka na za kunde hukamilishana, moja ikijaza upungufu wa nyingine.

Kiasi kinachopikwa kiwe cha mlo mmoja. Tui halilali katika joto la Pwani mahali pasipo na jokofu. Kufikia asubuhi huwa limechacha. Aliye na mabiringanya mengi ayachome yote mchana na kuzuia baadhi kabla ya kutia tui. Jioni hupondwa kwa chumvi, ndimu, kitunguu kibichi na pilipili, yakaliwa kwa mkate au chapati bila kuwasha moto tena.