Namba Zinazobeba Ujumbe wa Palma

Mvuvi wa Palma anapompelekea picha nduguye aliyeko Mtwara kwa njia ya intaneti, picha hiyo haifuati jina la mtu. Hufuata namba. Kila simu na kila kompyuta iingiayo mtandaoni sharti iwe na namba, nazo ndizo ziitwazo anwani za intaneti. Ni nani basi azigawaye?

Mgawaji wa kwanza ni ofisi ya IANA, iliyoko Marekani chini ya shirika la ICANN. Ofisi hiyo haishughuliki na mtu mmoja mmoja. Hutoa mafungu makubwa kwa mashirika matano, kila moja na sehemu yake ya dunia. La Afrika ni AFRINIC, lenye makao Morisi, lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo maombi ya Waafrika yalipelekwa Ulaya na Marekani. AFRINIC huyapa makampuni ya simu, vyuo vikuu na idara za serikali, na kampuni ya simu ndiyo imwazimayo mvuvi namba. Humwazima tu, kesho aweza kupewa nyingine.

Mgawo huo haukuwa sawa tangu mwanzo. Namba za mtindo wa zamani, ambazo zingali zikitumika sana, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Zilipodhaniwa kuwa hazitakwisha ziligawiwa kama mchanga wa pwani. Chuo cha MIT cha Marekani kilipata zaidi ya milioni 16, kampuni ya magari ya Ford kadhalika, na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ikajipatia mafungu ya kiasi hicho zaidi ya kumi. Afrika ilipobisha hodi, sinia lilikuwa karibu tupu. Februari 2011 ghala la IANA lilikwisha, na bara zima halina hata asilimia 5 ya namba hizo.

Hata hicho kidogo hakikutunzwa ipasavyo. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba mamilioni ya namba yalihamishwa kwa hila katika daftari la AFRINIC. Mwaka 2021 ukazuka ugomvi wa mahakamani kati ya shirika na mwanachama wake mmoja, hata akaunti zake za benki zikafungwa kwa muda. Na bodi mpya haikupatikana mpaka uchaguzi wa Septemba 2025.

Uhaba huo umezaa desturi ya kushirikiana. Kampuni ya simu huweka mamia ya wateja nyuma ya namba moja, mfano wa wapangaji wa nyumba nzima wanaotumia sanduku moja la posta. Mtindo mpya uitwao IPv6 una namba za kutosha kila simu duniani na kusaza, lakini mitambo mingi haijabadilishwa.

Namba pia haionyeshi mahali kwa uhakika. Simu iliyoko Palma yaweza kuonekana kana kwamba ipo Maputo, zaidi ya kilomita 1,600 kusini, kwa kuwa lango la kampuni liko huko. Askari wa Tanzania waliokuwa Cabo Delgado katika jeshi la SADC kati ya 2021 na 2024, kila walipotumia laini za nyumbani, aghalabu namba zao zilitoka Tanzania. Wala namba si njia. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatika. Namba zilibaki salama daftarini, na jamaa walikaa wakisubiri habari zisizofika.

Kwa polisi, jambo hili ni zito. Mtu akitishwa au akitapeliwa mtandaoni, namba pekee yaweza kuelekeza kwenye kundi la watu mia kadhaa wasio na hatia, pamoja na mkosaji mmoja. Ili kampuni imtambue, huhitaji kujua tarehe, saa, dakika na hata sekunde ya ujumbe, pamoja na tarakimu ya mlango uliotumika. Kwa hiyo aliyepokea vitisho asifute kitu. Na auhifadhi ujumbe kama ulivyo, aandike saa ulipoingia, kisha aupeleke kituoni mapema, kwani kumbukumbu za makampuni hazikai milele.