Asubuhi Fonolojia, Mchana Mabango ya Mpira

Mwalimu wangu mmoja aliposikia kwamba ninafanya staji katika ofisi ya masoko ya klabu ya mpira hapa Goma, aliniuliza: mtu wa lugha za Kiafrika anatafuta nini huko? Lilikuwa swali la haki, na wengi wenu mmeniuliza hivyo hivyo. Ninajibu hapa, na pia ninaeleza hesabu ya muda, kwa kuwa ninajua wenzangu kadhaa wanaotaka kujaribu jambo kama hili kiangazi kijacho.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonishinda. Katika mfumo wetu wa LMD muhula una krediti 30, na krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kozi zangu mbili zilizosukumwa hadi Julai na Agosti zilikuwa na krediti 7, yaani saa 175. Ukizigawa kwa wiki sita, ni karibu saa 29 kila wiki. Staji ilikuwa mchana wa siku tano, saa nne kila siku, tena siku ya mechi unaitwa tangu asubuhi. Jumla ilipita saa 50 kwa wiki. Mtu anayekuambia kwamba staji ni ya "saa za ziada" hajakaa chini na kalamu.

Sasa, ofisi ya masoko ya klabu ndogo inafanya nini? Inauza vitu vitatu: tiketi, jezi, na nafasi ya jina la mdhamini. Hicho cha tatu ndicho chenye pesa, nacho si kitu kipya kwetu. TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto, iliitwa Englebert kwa miaka mingi, na hilo ni jina la kampuni ya matairi. Kwa jina hilo la matairi ilichukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Kwa hiyo biashara ya mpira ni biashara ya maneno: nani anaitwa nani, na watu wanapaza jina gani uwanjani. Huko Dar es Salaam Yanga wana "Daima Mbele, Nyuma Mwiko", maneno manne bila kitenzi hata kimoja, na kila mtoto anayajua. Ukitaka mfano wa kufundishia sentensi zisizo na kitenzi, huo hapo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika bango la mechi ya Jumapili kwenye Uwanja wa Umoja. Papa katibu alitaka Kifaransa, kwa sababu mdhamini anasoma Kifaransa. Mimi niliandika kwa Kiswahili sanifu: "Njooni nyote uwanjani." Wamotari waliokuwa wamesimama nje walilisoma, wakacheka. Mmoja akaniambia linafanana na tangazo la kanisa. Nikaandika lingine: "Mukuye bote ku stade." Hilo hawakulicheka. Walilipiga picha.

Tazameni kilichobadilika. Kitenzi ni *kuya*, si *kuja*. Kiambishi *mu-* kimeshika irabu yake, kama tunavyosema *mupira* na *mutoto*. Na *bote* imechukua nafasi ya *nyote*: hapa kwetu tunasema *shiye bote*, *nyiye bote*, umbo moja kwa nafsi zote za wingi. Mwanasarufi wa sanifu ataona kosa la upatanisho. Mimi ninaona kanuni iliyorahisishwa, tena inayofuatwa bila kuyumba. Mwalimu wangu hakubali. Anasema tukiyachapa maumbo haya kwenye bango tunayapa cheo. Pengine ni kweli, lakini barua ya mdhamini niliiandika kwa Kifaransa na barua ya shule za jirani kwa sanifu, na hakuna aliyechanganyikiwa. Kila karatasi ina msomaji wake. Mpaka mwisho wa staji nilikuwa nimekusanya matangazo 38, na ndiyo data ya kazi yangu ya muhula.

Halafu likaja kosa langu. Ofisi ya mdhamini huko Kinshasa ilipanga mkutano wa simu saa tisa alasiri, nami nilikuwa na jaribio la fonolojia saa kumi na nusu. Nikaona nafasi ipo. Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Goma analijua: saa yetu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Saa tisa yao ni saa kumi yetu. Simu ilipopigwa, nilikuwa mimi peke yangu mwenye makaratasi ya mabango, na katibu alikuwa njiani. Nilibaki kwenye simu. Nilifika darasani wakati wenzangu wanarudisha karatasi. Mwishoni nilipata 9 kwa 20 katika kozi hiyo, na sina wa kumlaumu.

Turudi kwenye swali la mwalimu. Tarehe 7 Februari mwaka 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mwingine vimeelekezwa kwenye panja kama bunduki. Tulifungwa 1-0 na Côte d'Ivoire. Siku hizo vita vilikuwa Sake, na sisi hapa tuliielewa ishara ile yote bila mkalimani. Tangu usiku ule nimetaka kujua jinsi mpira unavyosema. Somo hilo sikulipata kwenye ratiba yetu.

Kwa atakayejaribu: mwambie mwalimu wa kila kozi kabla hujasaini staji, mimi nilimwambia mmoja tu. Omba siku za mechi uzipate kwa maandishi mapema. Na ratiba iandike kwa safu mbili, saa za Goma na saa za Kinshasa. Yangu sasa iko ukutani, na sesheni ya pili ya fonolojia imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Jumanne, saa mbili asubuhi, saa za Goma.