Milango Miwili ya Katanga: Wayeke na Wakasai katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Mzungumzaji wa Kiswahili cha mwambao akifika Kolwezi hakosi kuelewana na wenyeji wake, ingawa masikio yake yatasikia batu mahali pa watu, bintu mahali pa vitu na kuya mahali pa kuja. Jambo litakalomchukua muda mrefu zaidi kulielewa ni namna watu hao wanavyopambanua nani mwenyeji na nani mgeni. Ataambiwa kwamba fulani, ambaye wazee wake walitoka Usumbwa katika Tanzania ya leo, ni mwana wa Katanga. Na kwamba jirani yake, aliyezaliwa papo hapo mjini kama alivyozaliwa baba yake, ni mtu wa Kasai. Makala haya yanakusudia kulinganisha hali za kiuchumi na za kijamii za jamii hizo mbili, yaani Wayeke na Waluba wa Kasai. Zote mbili zilihamia katika ukanda wa shaba kutoka mbali, na zote mbili zilivutwa na shaba. Rai yetu ni kwamba kilichozitenganisha ni mlango ambao kila moja iliingilia, wala si idadi ya miaka iliyokaa.

Tuondoe kwanza utata mmoja wa majina. Waluba wa Kasai si Waluba wa Katanga, ambao kwao ni kaskazini ya Katanga yenyewe na ambao historia yao ya kisiasa ni nyingine. Katika makala haya tutawaita wale wa kwanza Wakasai, kama wanavyoitwa na majirani zao, ingawa jina hilo linawakusanya pamoja watu wasio Waluba pia.

Wayeke ni wazao wa wafanyabiashara na wawindaji wa tembo waliotoka kwa Wasumbwa na Wanyamwezi. Kufikia katikati ya karne ya 19 misafara yao ilikuwa imezoea kwenda Katanga kutafuta pembe za ndovu pamoja na shaba, ambayo mafundi wa huko waliiyeyusha na kuimimina katika umbo la msalaba. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Kalasa, alikuwa na mwana aliyeitwa Ngelengwa, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la M'Siri. M'Siri alifika akiwa mchuuzi, akabaki akiwa mtawala. Kwa bunduki, kwa kuoa mabinti wa machifu, na kwa kuingilia ugomvi wa wenyeji baina yao, aliwaweka chini yake Wasanga, Walamba na wengineo, akajenga mji wake Bunkeya, ambao leo umo katika jimbo la Lualaba. Hapo misafara ya mashariki ilikutana na ile ya Waovimbundu kutoka Angola. Mmisionari Frederick Stanley Arnot aliyefika mwaka 1886 aliukuta mji mkubwa wenye kila aina ya watu.

Tarehe 20 Desemba 1891 M'Siri aliuawa kwa risasi na Omer Bodson, ofisa katika msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya dola ya mfalme Leopold II. Kwa kawaida kisa huishia hapo. Kwa maudhui yetu, hata hivyo, lililo muhimu zaidi ni lile lililofuata. Mrithi wake, Mukanda Bantu, alikubali kushirikiana na dola mpya na kuisaidia kuwatiisha Wasanga waliokuwa wameasi. Kwa njia hiyo uchifu wa Wayeke ulisalimika. Dola la kikoloni liliuandika katika daftari zake kama uchifu wa jadi, na waliotawaliwa na uchifu wa jadi wakahesabiwa kuwa wenyeji wa ardhi yake. Lugha yao, iliyo jirani ya Kisumbwa, ilididimia taratibu, na wengi wakahamia Kisanga. Walipoteza lugha lakini hawakupoteza kiti, na hadi leo kila tarehe 20 Desemba hukusanyika Bunkeya kumkumbuka M'Siri.

Wakasai waliingia kwa mlango mwingine kabisa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Kusini ya Katanga kulikuwa na watu wachache, na wengi wa waliokuwapo waliona afadhali kuwauzia wachimbaji chakula kuliko kuingia migodini. Hivyo kampuni ilitafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, Lomami na Kasai. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwendo: badala ya kuajiri vijana kwa miezi michache na kuwarudisha makwao, ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikiwaruhusu na hata kuwahimiza waje na wake zao. Reli ya kutoka Bukama hadi Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui wakati huo, ilikamilika mwaka 1928 ikipita katikati ya Kasai. Tangu hapo treni ndiyo iliyokuwa mlango.

Katika kambi za kampuni, na hapo Kolwezi tunazungumzia kambi kama Musonoi, mfanyakazi alipata nyumba, posho, matibabu, na shule ya misheni kwa watoto. Yalikuwa maisha ya nidhamu kali, lakini yalikuwa na uhakika ambao mkulima wa Bunkeya hakuwa nao. Wakasai wengi walipanda wakawa makarani, wanyapara, wauguzi na walimu. Imezoeleka kueleza mafanikio hayo kwa tabia ya kabila, kwamba Mluba wa Kasai ana akili ya kazi. Maelezo hayo, yawe ya kusifu au ya kulaumu, hayana msingi. Yapo maelezo ya wazi zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 uvamizi wa watumwa uliwang'oa watu wengi wa Kasai katika vijiji vyao, wakakimbilia kwenye vituo vya serikali na misheni, wakasoma mapema. Aidha, kampuni yenyewe iliwapendelea na kuwatangaza kuwa wafanyakazi bora, na anayependelewa hupata nafasi ya kuthibitisha sifa yake.

Ulinganisho wa kiuchumi, kwa hiyo, unatoa sura mbili zinazokwenda kinyume. Kwa mshahara, elimu na afya, Mkasai wa kambini alikuwa mbele. Kwa ardhi na kauli juu ya ardhi, Myeke alikuwa mbele. Nyumba ya kambini ilikuwa mali ya kampuni: kazi ikiisha, nyumba inarudi. Sheria nayo ilitia muhuri. Agizo la mwaka 1931 liliifanya miji ya Waafrika kuwa vituo vilivyo nje ya mila, maana yake nje ya mamlaka ya machifu. Aliyeishi humo alikuwa na chifu mahali pengine au hakuwa naye kabisa. Myeke aliyefanya kazi Kolwezi alikuwa na Bunkeya nyuma yake, mwendo wa siku chache tu. Mkasai alikuwa na kijiji ambacho mara nyingi watoto wake hawakupata kukiona.

Ni vyema tusizidishe. Wayeke ni wachache, na utawala wa jadi haukumpa kila Myeke utajiri. Walio wengi ni wakulima wa kawaida. Wala si kila Mkasai alikuwa karani, kwani maelfu walimaliza nguvu zao kwa koleo.

Lugha iliyowaunganisha wote hao ni Kiswahili. Ni rahisi kudhani kwamba kililetwa Katanga na misafara ya M'Siri na kuenea kutoka Bunkeya. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, aliitilia shaka nasaba hiyo na kuonyesha jinsi kampuni na serikali ya Wabelgiji zilivyokiteua na kukisimamia Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Tukikubaliana naye, basi Kiswahili cha Katanga ni mali ya kambi zaidi kuliko mali ya msafara, na Mkasai aliyezaliwa Musonoi ana haki nacho sawa na Myeke. Maandishi na masimulizi yanathibitisha hivyo. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Na katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alimchorea Fabian historia ya nchi yake nzima katika picha zipatazo 100, akizieleza kwa Kiswahili. M'Siri yumo katika picha hizo, na vita vya Kasai vimo. Anayetaka kujua jinsi watu wa kambini walivyoitazama historia ya Katanga kuwa yao hana chanzo bora kuliko hicho.

Mgongano wa milango hiyo miwili ulijitokeza kisiasa mwishoni mwa 1957, wakati Wakongo waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kupiga kura za manispaa katika baadhi ya miji. Elisabethville wagombea wenye asili ya nje ya Katanga, hasa Wakasai, walipata ushindi mkubwa. Mwaka uliofuata kiliundwa chama cha CONAKAT kutetea wale waliojiita Wakatanga halisi, na rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa M'Siri. Mjukuu wa mhamiaji akasimama kuwatenga wahamiaji! Wapinzani wake hawakukosa kuikumbusha nasaba hiyo, lakini haikumdhuru, kwani hoja haikuwa na uhusiano na umbali wa asili. Alikuwa na kiti cha Bunkeya, basi alikuwa mwenyeji. Munongo akawa waziri wa mambo ya ndani katika serikali ya Moïse Tshombe iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960. Wakasai wengi walifukuzwa au wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa nje ya Elisabethville mwaka 1961, na wengine wakarudi Bakwanga, Mbuji-Mayi ya sasa. Kujitenga kulikomea Kolwezi Januari 1963.

Baada ya hapo walirejea, kwa sababu migodi ilihitaji watu. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikawa Gécamines. Jimbo likapewa jina la Kiswahili, Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulioko Kolwezi uliporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Tarakimu hizo mbili za mwisho hazielezi kila kitu, lakini hatuwezi kuelewa yaliyofuata bila hizo. Mshahara ndio uliokuwa ukilipa deni la kutokuwa na ardhi. Mshahara ulipokufa, deni lilidaiwa.

Gavana Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama chake cha UFERI walifufua madai ya 1958 kwamba kazi za Katanga ni za Wakatanga. Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Matusi ya namna hiyo hayana bara: katika migodi ya chuma ya Bilbao, kwa Wabaski, vibarua waliotoka sehemu nyingine za Hispania tangu mwisho wa karne ya 19 walipachikwa jina la dharau maketo. Ila Katanga tusi liligeuka moto. Nyumba zilichomwa Likasi mwaka 1992, na Kolwezi mwezi Machi 1993. Mamia ya maelfu waliondolewa katika jimbo zima. Walilala katika stesheni za reli kwa wiki na miezi wakingoja mabehewa ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga, na wengi, hasa watoto, walikufa stesheni na njiani. Treni iliyowaleta babu zao ndiyo iliyowarudisha wajukuu mahali ambako hawakupata kuishi. Huko Kasai vijana waliojua Kiswahili vizuri kuliko Kiluba waligeuka wageni kwa mara ya pili.

Kolwezi ya leo imebadilika sana. Sheria ya madini ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya nje, na mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliwaachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Wachimbaji wadogo wanaotafuta kobalti kwa mikono wamejaa, hata chini ya sakafu za nyumba katika mtaa wa Kasulo tangu 2014. Wengi wao wametoka Kasai. Hawa hawana mkataba, wala posho, wala shule ya kampuni. Wameingia kwa mlango wa babu zao baada ya nyumba yenyewe kubomolewa. Kuwatazama kana kwamba ni jamii moja na Wakasai wa Musonoi, waliokaa vizazi vitatu, ni kosa ambalo wanasiasa hulifanya kwa makusudi na watafiti kwa uvivu.

Upande wa ardhi nao umepata thamani mpya. Marekebisho ya sheria ya madini ya 2018 yametenga asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka za chini mahali mgodi ulipo, na machifu wa jadi wanahesabiwa miongoni mwa mamlaka hizo pamoja na manispaa. Sehemu ya fedha hiyo inaweza, basi, kupita mikononi mwa kiti cha jadi cha aina ya kile cha Bunkeya. Mkasai wa Kolwezi hana kiti cha namna hiyo. Ana manispaa tu, Dilala au Manika, na kura yake humo. Tarehe 20 Desemba 2023 madiwani wa manispaa walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo ya Kongo, uchaguzi wa ngazi ile ile ambayo mwaka 1957 ndiyo iliyowasha ugomvi.